Kwa nini darubini isiwekwe Kibo?

*Mwanangu wa kidato cha pili amesikia Marekani ina darubini mpya ya angani, Roman. Ananiuliza kwa nini ipelekwe mbali wakati Kibo ipo. Nashindwa kumjibu, nachelea kumvunja moyo. Baba, Mkuu, Rombo*

Ndugu yangu, usichelee. Mtoto ameuliza swali la maana. Kibo ina mita 5,895, lakini hata kileleni kuna hewa. Hewa huyumbisha mwanga wa nyota na kumeza sehemu ya miale ya joto, ambayo Roman imeundwa kuinasa. Ndiyo maana makazi yake ni kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Kioo chake cha mita 2.4 kinalingana na cha Hubble, ila picha yake moja hufunika eneo la anga kubwa mara 100 hivi. Kwa upana huo wataalamu watatafuta sayari za nyota nyingine, na kuchunguza kwa nini ulimwengu unazidi kutanuka kwa kasi. Hilo la pili ndilo linalonisisimua zaidi.

Usiku mkavu, zimeni taa za nje, mwazimie darubini ya mkononi aitafute Mshtarii na miezi yake. Maswali yakizidi, mwalimu wa fizikia atamsaidia. Asiielekeze darubini hiyo kwenye jua kamwe; akiwahi kufanya hivyo na kuona ukungu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.