Somo la 7: Wote Wanaponyoosha Mkono

SABATO MCHANA

Kwa Ajili ya Somo la Juma Hili Soma: Kutoka 1:15–21; Kutoka 23:1–3; 1 Samweli 15:10–24; Danieli 3:8–18; Luka 10:25–37; Wagalatia 2:11–14; Waebrania 10:24, 25.

Fungu la Kukariri: Kutoka 23:2. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi ya juma hili, hadi uweze kulisema bila kufungua kitabu.

Baada ya Amri Kumi kutolewa pale Sinai, Bwana aliendelea kumpa Musa sheria za maisha ya kila siku: ng'ombe apigaye watu pembe, moto unaoteketeza shamba la jirani, vazi la maskini lililowekwa rehani. Katikati ya sheria hizo ipo moja fupi inayomhusu shahidi. Anapotoa ushuhuda wake, asivutwe na wingi wa watu hata akapotosha haki.

Sheria hii haikutolewa kwa ajili ya waongo peke yao. Mwongo hahitaji kundi ili aseme uongo. Imetolewa kwa ajili ya mtu wa kawaida, anayeijua kweli, lakini anayekuta kwamba watu wote waliomtangulia wamesema kinyume chake. Mungu anajua kwamba saa kama hiyo ni ngumu, naye hakuiacha bila neno.

Katika karne ya 20 wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia za watu, walichunguza nguvu hiyo ya kundi kwa majaribio kadhaa yaliyopata sifa duniani. Juma hili majaribio hayo yatawekwa kando ya Maandiko. Hayawezi kuchukua nafasi ya Neno, lakini yanaonyesha jinsi Neno linavyomfahamu mwanadamu.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya kujiandaa kwa Sabato ijayo.

JUMAPILI
Mistari Mitatu

Soma Kutoka 23:1–3. Ni watu gani wawili wanaoweza kumpotosha shahidi kulingana na aya ya 2 na ya 3? Kwa nini hata huruma kwa maskini imetajwa hapo?

Solomon Asch alizaliwa Warsaw mwaka 1907 katika familia ya Kiyahudi, na baadaye akahamia Marekani. Alipokuwa mkubwa alisimulia usiku mmoja wa Pasaka wa utoto wake. Kikombe cha ziada cha divai kiliwekwa mezani kwa ajili ya nabii Eliya, naye akaambiwa kwamba nabii angekuja kuonja. Mtoto alikitazama kikombe kile kwa makini, na akaona kama divai imepungua kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Asch akiwa mwalimu katika chuo cha Swarthmore, alifanya jaribio lililo rahisi sana. Vijana wa chuo walikaa pamoja wakaonyeshwa kadi mbili. Ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja. Ya pili ilikuwa na mistari mitatu. Kila mmoja alitakiwa kusema kwa sauti ni upi kati ya ile mitatu unaolingana na ule mmoja. Jibu lilikuwa wazi. Watu walipojibu bila kundi, makosa hayakufika hata 1 katika 100.

Lakini katika kundi lile, ni kijana mmoja tu aliyekuwa hajui kinachoendelea. Wengine wote walikuwa wamepangwa na mtafiti, na katika zamu 12 kati ya 18 walikubaliana kutoa jibu moja la uongo. Kijana yule alikaa karibu na mwisho wa safu, akiwasikia wenzake mmoja baada ya mwingine wakisema jambo ambalo macho yake yalilikataa. Kisha zamu yake ikafika.

Karibu theluthi moja ya majibu katika zamu hizo yalifuata kundi. Kati ya vijana 4, takriban 3 walikubali uongo angalau mara moja. Hakuna aliyewatishia wala kuwaahidi zawadi. Kundi lilikuwa la wageni, na jambo lenyewe lilikuwa urefu wa mstari tu.

Hata hivyo, upande wa pili usisahauliwe. Theluthi mbili ya majibu yalikuwa ya kweli, na takriban kijana 1 kati ya 4 hakuyumba hata mara moja. Kundi lina nguvu, lakini halimwondolei mtu uwezo wa kuchagua. Kwa sababu hiyo Mungu anaweza kumpa mtu amri juu yake.

Tafakari: Katika mkutano wa washiriki, jina la mtu linaletwa mbele, pendekezo linasomwa, na wote wanaombwa kuonyesha kwa kunyoosha mkono. Mmoja anafahamu jambo linalomhusu ndugu huyo ambalo halijasemwa. Mikono ya safu zote za mbele imekwisha kuinuka. Je, ni kitu gani hasa kitakachoinua mkono wake, au kuuzuia?

JUMATATU
Hofu ya Watu

Soma 1 Samweli 15:10–24. Linganisha maneno ya Sauli katika aya ya 15 na yale ya aya ya 24. Ni sababu gani aliyoitoa kwanza, na ni ipi iliyokuwa ya kweli?

Baada ya jaribio, Asch alizungumza na wale waliofuata kundi. Sababu zao hazikuwa moja. Baadhi walianza kuyatilia shaka macho yao wenyewe: ikiwa wote wanaona hivi, labda mimi ndiye ninayekosea. Wengine walijua vizuri kwamba kundi limekosea, lakini hawakutaka kuonekana tofauti. Walipopewa nafasi ya kuandika jibu bila wengine kulisikia, waliofuata kundi walipungua sana.

Sauli alikuwa wa namna hii ya pili. Alipewa agizo lililo wazi kuhusu Waamaleki. Samweli alipomfikia, mfalme alianza kwa kusema kwamba ametii. Kisha akasema watu wamewaacha kondoo walio wazuri kwa ajili ya dhabihu. Ni mwishoni tu alipokiri kwamba aliwaogopa watu. Mtu mrefu kuliko Israeli wote, mwenye taji na jeshi, aliogopa macho ya askari wake mwenyewe.

Soma Wagalatia 2:11–14. Petro alibadilisha nini huko Antiokia, na ni nani mwingine aliyevutwa naye?

Petro alikuwa amekwisha kuona maono ya nguo iliyoshuka kutoka mbinguni, na aliingia nyumbani kwa Kornelio bila woga. Imani yake juu ya watu wa Mataifa haikubadilika alipokuwa Antiokia. Kilichobadilika ni meza aliyokalia. Wageni kutoka kwa Yakobo walipofika, alijitenga taratibu. Wayahudi wengine wakamfuata, na hata Barnaba, mtu wa faraja, akachukuliwa. Paulo hakuliita jambo hilo udhaifu mdogo. Aliliita unafiki, kwa kuwa lilificha kile ambacho Petro alikiamini. Ndugu wa Mataifa waliobaki kwenye meza yao ndio walioumia.

Tafakari: Je, ni meza gani unayoiacha wageni fulani wanapoingia?

JUMANNE
Sauti ya Mkubwa

Soma Kutoka 1:15–21. Wakunga walimcha nani, na ucha huo ulibadilisha nini katika kazi yao ya kila siku?

Mwaka 1961, mtafiti Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale aliwaita wanaume wa kawaida wenye kazi mbalimbali. Kila mmoja alipewa kazi ya "mwalimu". Aliambiwa ampige mtu aliyekuwa chumba cha pili kwa umeme kila anapokosea jibu, na kuongeza nguvu hatua kwa hatua kuanzia volti 15 hadi 450. Kwa kweli hapakuwa na umeme wowote uliompata mtu yule, lakini "mwalimu" hakujua hivyo. Alipositasita, msimamizi aliyevaa koti la maabara alimwambia kwa utulivu aendelee.

Katika jaribio la kwanza lililochapishwa, watu 26 kati ya 40 walifika volti 450. Hawakuwa wakatili. Wengi walitokwa jasho, walitetemeka, walilalamika, na bado mkono ulibonyeza swichi. Baadaye wengi walimlaumu Milgram kwa kuwatesa moyo watu waliomwamini, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini alichokionyesha hakipaswi kusahauliwa: mtu mwema aweza kutenda ubaya huku akisema moyoni kwamba wajibu ni wa yule aliyeagiza.

Shifra na Pua walikuwa na sababu zote za kusema hivyo. Aliyeagiza hakuwa msimamizi wa maabara bali Farao mwenyewe. Hata hivyo hawakumwachia Farao dhamiri zao. Biblia imehifadhi majina ya wanawake hao wawili, na jina la mfalme yule haikulitaja katika kitabu chote cha Kutoka.

Andiko haliwafundishi waumini kudharau mamlaka. Warumi 13 inaagiza heshima kwa wenye mamlaka, na Matendo 5:29 inaweka mpaka wake. Anayetii anabaki na hesabu yake mwenyewe mbele za Mungu.

Tafakari: Kazini, nyumbani au kanisani, ni agizo gani ambalo umelitekeleza bila kuuliza kama ni jema, kwa kuwa aliyelitoa ni mkubwa?

JUMATANO
Mwenye Haraka Barabarani

Soma Luka 10:25–37. Yesu hakusema kwa nini kuhani na Mlawi walipita kando. Ni sababu gani zinazokujia akilini?

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya na wanafunzi 40 wa chuo cha teolojia cha Princeton. Kila mwanafunzi alitumwa kwenda jengo jingine kutoa hotuba. Baadhi walipewa kuzungumza juu ya mfano wa Msamaria mwema. Njiani, kila mmoja alimpita mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kuugua.

Kuwa na mfano ule kichwani hakukuleta tofauti kubwa katika kusimama kwao. Kilicholeta tofauti ni haraka. Waliokuwa na nafasi ya kutosha, 63 kati ya 100 walitoa msaada. Walioambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa, ni 10 tu kati ya 100. Walikuwepo waliompita mgonjwa wakiharakisha kwenda kuhubiri juu ya Msamaria.

Jaribio hilo lilikuwa la watu wachache, na halipimi moyo wa mtu. Lakini linamwuliza kila mwamini swali. Asubuhi ya Sabato huenda ndiyo saa yenye haraka kuliko zote za juma: kwaya inatafutwa, watoto wanavalishwa, walimu wanaitana, kengele inakaribia kulia. Saa hiyohiyo mama mgeni amesimama karibu na mlango, hajui akae wapi.

Tafakari: Katika ratiba yako ya Sabato, ni wapi palipoachwa nafasi kwa ajili ya mtu asiyetazamiwa?

ALHAMISI
Mwenzi Mmoja

Soma Danieli 3:8–18. Vijana wale walijibu kwa umoja au kwa wingi? Je, kuwa watatu kuliwasaidiaje?

Asch alibadilisha jambo moja katika jaribio lake. Katika kundi lilelile la waongo aliweka mtu mmoja wa kusema kweli. Nguvu ya kundi ikavunjika: walioufuata uongo walipungua hadi karibu robo ya idadi ya kwanza. Mwenzi huyo alipoondoka katikati ya jaribio, makosa yaliongezeka tena. Kwa Milgram ikawa vivyo hivyo. "Walimu" wengine wawili walipokataa kuendelea, ni 4 tu kati ya 40 waliofika mwisho.

Katika uwanda wa Dura, Shadraka, Meshaki na Abednego walikuwa na Mungu kwanza, kisha walikuwa na wenzao. Jibu lao kwa Nebukadreza ni la "sisi". Shifra alikuwa na Pua; Yoshua alikuwa na Kalebu mbele ya wapelelezi kumi. Hii ni sababu moja ya Waebrania 10:24, 25 kuwasihi waumini wasiache kukusanyika. Kundi linaloweza kumvuta mtu kwenye uovu, likiongozwa na Roho, laweza kumtia nguvu kwa mema.

Hitaji hili huanza mapema. Jaribio lililochapishwa mwaka 2011 huko Ujerumani lilionyesha kwamba hata watoto wa miaka 4 huwafuata wenzao wanaosema jambo lisilo kweli, na zaidi wanapotakiwa kusema hadharani. Mzazi anayemwambia mtoto "usifuate wengine" amesema vema. Lakini mtoto huyo anahitaji pia rafiki mmoja wa kusimama naye, na nyumba ambayo jibu lake tofauti linasikilizwa bila kuchekwa.

Tafakari: Nani anasimama peke yake juma hili, shuleni, kazini au katika familia yako, ambaye neno moja kutoka kwako lingemtosha?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma sura inayohusu tanuru ya moto katika kitabu cha Ellen G. White, Manabii na Wafalme. Soma pia Hesabu 14:1–10 na Hesabu 16:1–11.

Kusimama peke yako hakumfanyi mtu kuwa sahihi. Kora na wenzake walisimama dhidi ya viongozi wa mkutano, nao walikosea. Kalebu na Yoshua walisimama dhidi ya mkutano wote, nao walikuwa na kweli. Tofauti yao haikuwa idadi wala ujasiri, ila neno ambalo Bwana alikuwa amelisema. Kwa hiyo anayetaka kupinga wingi wa watu na alijue Neno kwanza, na awe tayari kurekebishwa nalo.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika mikutano ya kanisa lenu, upigaji wa kura unafanyika kwa njia gani? Je, mtu mwenye wazo tofauti anapata nafasi ya kulisema kabla ya mikono kuinuka? Ni badiliko gani dogo lingeweza kusaidia?

2. Mtu atajuaje kama anasimama kama Kalebu au kama Kora?

3. Paulo alimkemea Petro mbele ya wote. Mathayo 18:15 inaagiza kwenda kwa ndugu peke yake kwanza. Ni nini katika tukio la Antiokia kilichofanya jambo lile lihitaji kusemwa hadharani?

4. Katika darasa lenu la Shule ya Sabato, ni nani ambaye huwa hasemi? Jadilini kwa upendo, bila kutaja jina, jinsi darasa linavyoweza kuwa mahali ambapo jibu lake lingesikika.