Fedha za Ulaya na mafunzo ya kazi: swali la miezi sita

Kila nafasi za mafunzo ya ufundi zinapotangazwa, wakazi huuliza maswali mawili: pesa zinatoka wapi, na mfadhili akiondoka itakuwaje? Ni maswali ya haki. Katika toleo hili tunaangalia jinsi Ulaya inavyofadhili mafunzo na ajira katika nchi wanachama wake, kwa sababu sisi pia tuna la kujifunza hapo.

Ulivyoanza

Mfuko wa Kijamii wa Ulaya ulitokana na Mkataba wa Roma wa mwaka 1957, ulioleta nchi sita katika soko la pamoja. Ilijulikana mapema kwamba soko hilo lingewapotezea baadhi ya wafanyakazi kazi zao. Mfuko ukawekwa ili wajifunze kazi nyingine, au wasaidiwe kuhamia palipo na kazi.

Sharti lilikuwa kali. Nchi iligharamia mafunzo kwanza, kisha Mfuko ukarudisha nusu ya gharama. Nusu hiyo haikulipwa mpaka aliyefunzwa awe ameajiriwa katika kazi hiyo mpya kwa angalau miezi sita. Cheti peke yake hakikutosha.

Unavyofanya kazi leo

Kwa kipindi cha 2021 hadi 2027, Mfuko huu umetengewa takriban yuro bilioni 99. Kila nchi huandika mpango wake, Tume ya Ulaya huuidhinisha, kisha nchi yenyewe huchagua vyuo na mashirika ya kuutekeleza.

Gharama hugawanywa. Kwa kawaida, Mfuko hulipa hadi asilimia 85 katika maeneo yaliyo nyuma kimaendeleo, na hadi asilimia 40 katika maeneo tajiri. Kinachobaki hulipwa na nchi husika. Nchi ambayo idadi ya vijana wake wasio kazini, masomoni wala mafunzoni imepita wastani wa Umoja wa Ulaya lazima itenge angalau asilimia 12.5 kwa ajili ya vijana.

Sharti la zamani la malipo limebadilika, lakini hesabu ya miezi sita ingalipo: matokeo hupimwa mafunzo yanapokwisha, na tena miezi sita baadaye ili kujua ni wangapi wako kazini.

Inatuhusu vipi?

Kenya si mwanachama, kwa hivyo Mfuko huu hautufikii. Fedha za Ulaya huja kwetu kwa mikataba ya ushirikiano. Mfano ni mpango wa Go Blue katika kaunti sita za Pwani, ambao miongoni mwa mambo mengine umewafunza vijana kazi za uchumi wa bahari.

Kila mkataba una mwisho wake, lakini wajibu wa kaunti hauna mwisho. Jedwali la Nne la Katiba limeweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Cherehani iliyoletwa na mfadhili bado inahitaji uzi, sindano, umeme na mwalimu anayelipwa kila mwezi. Fedha hizo zisipokuwa kwenye bajeti, karakana itafungwa hata kama mashine bado ni mpya.

Unachoweza kufanya

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya bajeti kupitishwa, hudhuria kikao cha maoni ya umma na uulize:

1. Mradi huu unakwisha lini, na kaunti inachangia kiasi gani?
2. Fedha za walimu na ukarabati baada ya hapo ziko katika fungu gani la bajeti?
3. Miezi sita baada ya kufuzu, ni wanafunzi wangapi wako kazini?

Swali la tatu ndilo zito. Picha za mahafali hazilijibu. Orodha ya waliofuzu, ikiwa na namba zao za simu na mtu wa kuwapigia, ndiyo inayoweza kulijibu.