SOMO LA WIKI: Takataka za kiwanda ni fedha ya mwenye hisa

Mwekezaji mdogo anapopokea hesabu za mwaka za kampuni yake, jicho hukimbilia gawio. Ni wachache wanaosoma sehemu inayoeleza kiwanda kinatupa nini na kiasi gani, ingawa sehemu hiyo inahusu fedha sawa na ile ya faida na hasara.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila kinachotoka kiwandani kikiwa moshi, vumbi, majitaka au mabaki kiliingia kikiwa kimenunuliwa. Kampuni hulipa mara ya kwanza kukinunua, mara ya pili kukipitisha kwenye mitambo, na mara ya tatu kukiondoa. Kikifika kwenye kisima cha jirani, kuna malipo ya nne, na kiasi chake huamuliwa na mahakama.

Kuzuia na kusafisha

Kuna njia mbili za kupambana na uchafuzi. Ya kwanza ni kusafisha: kufunga kichujio kwenye bomba la moshi au kuchimba mabwawa ya majitaka. Mara nyingi hiyo ni gharama tupu, ingawa wakati mwingine hurudisha kitu. Kwenye viwanda vya saruji, kwa mfano, vumbi linalonaswa na vichujio vya tanuri ni malighafi, na huweza kurudishwa kwenye uzalishaji.

Njia ya pili ni kuzuia uchafu usizaliwe. Kampuni ya 3M ya Marekani ilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 1975, ikauita kwa maneno yanayomaanisha kwamba kuzuia uchafuzi kunalipa. Wafanyakazi walitakiwa kuleta mapendekezo ya aina nne: kubadili mchanganyiko wa bidhaa, kurekebisha hatua za uzalishaji, kusanifu upya mitambo, na kutumia tena mabaki.

Mfano mmoja unatosha. Katika chumba cha kupulizia rezini, ambayo ni aina ya gundi, pauni 500,000 hivi kwa mwaka, yaani tani 227, zilikuwa zikipotea na kulazimika kuchomwa kwa gharama maalumu. Kampuni ilifunga mtambo mpya wa dola 45,000. Rezini iliyookolewa ikawa na thamani ya zaidi ya dola 125,000 kwa mwaka, hivyo mtaji ulirudi katika muda usiozidi miezi mitano.

Upande wa pili wa shilingi

Hata hivyo, mwenye hisa asilewe sifa. Kampuni hiyo hiyo ilitengeneza kwa miaka mingi kemikali za kundi la PFAS, ambazo haziozi kwa urahisi na zimekutwa kwenye maji ya kunywa. Mwaka 2023 ilikubali kulipa mamlaka za maji za Marekani zisizopungua dola bilioni 10.3, kwa awamu za miaka 13. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, mpango wa 1975 uliokoa zaidi ya dola bilioni 1. Kwa hiyo bidhaa moja yenye madhara inaweza kumeza akiba ya miongo kadhaa.

Miwa ya Afrika Mashariki

Kwetu, mfano wa karibu ni sukari. Makapi ya miwa huchomwa kupata mvuke na umeme. TPC ya Moshi imekuwa ikijiendesha kwa umeme huo na kuiuzia TANESCO ziada.

Mumias ya Kenya, iliyoingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2009 ilianza kuuza umeme wa makapi kwenye gridi ya taifa, hadi megawati 26, na baadaye ikajenga kiwanda cha ethanoli inayotokana na molasi. Lakini miwa ilipopungua na madeni yalipozidi, mitambo hiyo ilikosa cha kula. Mwaka 2019 benki ya KCB iliiweka chini ya mfilisi, na wenye hisa wadogo wakabaki na vyeti mkononi. Mabaki huongeza faida ya biashara iliyo hai, lakini hayawezi kufufua iliyokufa.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kununua hisa za kampuni ya viwanda, tafuta majibu ya mambo manne:

1. Kampuni inatumia maji, mafuta na umeme kiasi gani kwa kila tani ya bidhaa? Linganisha miaka mitatu au minne. Jumla inaweza kushuka kwa sababu tu mauzo yameshuka.

2. Fedha zinazotajwa kuwa za mazingira zimezuia uchafu, au zimepanda miti tu langoni?

3. Mtambo mpya utarudisha mtaji wake baada ya muda gani?

4. Maelezo ya hesabu, yale ya kurasa za mwisho, yanataja kesi au madai yoyote ya uchafuzi?

Majibu yasipopatikana kwenye kitabu, mkutano mkuu wa mwaka ndio mahali pake. Mwenye hisa 100 ana haki ya kuuliza sawa na mwenye hisa milioni moja. Mfanyabiashara asiye na hisa naye anaweza kuanza dukani au karakanani kwake: apime kwa wiki moja kila anachotupa, kisha akikadirie kwa bei aliyokinunulia.