Somo: Chakula cha Mbwa Mzee

Mbwa aliyetulindia nyumba miaka mingi tusimwachie makombo matupu uzeeni. Akifikia miaka 7 hivi, meno huchakaa na mwendo hupungua. Basi tumpunguzie mafuta asinenepe, lakini tusimnyime nyama, mayai ya kuchemsha au dagaa wasio na chumvi, maana misuli yake hupungua upesi. Ugali tuulainishe kwa mchuzi usiotiwa kitunguu, kwani kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa hupasuka ikawa na ncha kali, tusimpe. Maji safi yasikosekane. Akikonda huku akinywa maji kupita kiasi, tumwite bwana mifugo: huenda figo zimedhoofika.

Swali la kujipima: Je, jioni hii bakuli la mbwa wetu lina nini?