SOMO LA HESABU NA MAISHA: Kulipa nyumba kwa dola katika inchi ya wengine



Katika numero hii tunaacha kidogo habari ya kandanda na ya kwaya. Sisi wa darasa la sita tunakaribia egzameni ya Serkali, na kisha hapo wengi kati yetu tunaota Kampala, maana kutoka huku kwetu Ituri ni karibu kuliko Kinshasa. Tukiuliza wakubwa, “Nyumba kule ni ngapi?”, wanajibu, “Dola mia,” na sisi tunaitikia, “Sawa.” Hatuulize tena kitu. Ile “sawa” ndiyo imeharibia watu wengi.

Tuanze na habari ya yaya mmoja aliyemaliza hapa kwetu, alitusimulia mwenyewe. Alifika Kampala mwanzo wa mwaka 2015. Wazazi wake na wakristo wa parokia yao walikuwa wamechanga dola 600 kwa ajili ya nyumba tu, miezi sita. Walikaa wanafunzi watatu katika apartema moja, na sehemu yake ilikuwa dola 100 kwa mwezi. Kontra iliandikwa kwa dola. Yeye akawaza: inchi hii feza yake ni shilingi, basi nibadilishe yote mara moja. Wakati ule dola moja ilimpatia shilingi 2,850, akapata 1,710,000. Akagawanya kwa sita: 285,000 kila mwezi. Hesabu safi, mwalimu angempa pointi zote.

Lakini mwenye nyumba alitaka dola. Kila mwezi yaya akarudi kwa wabadilishaji kununua zile dola alizokuwa amewauzisha, na mwaka ule shilingi ya Uganda ilianguka sana: mwanzo wa mwaka dola ilikuwa chini ya 2,900, mwezi wa kenda ilikuwa imepita 3,600. Alipolipa miezi mitano, alibaki na shilingi pungufu ya 200,000, na mwezi wa sita mwenye nyumba alikuwa anamdai zaidi ya 330,000. Hakuiba, hakunywa, hakununua hata kiatu. Akatoka ndani ya apartema, akalala kwa rafiki wa kwaya mpaka egzameni zikaisha. Kitu kilichomuumiza zaidi, alisema, ni barua aliyopaswa kuandikia parokia, maana kule nyumbani walifikiri amekula feza.

Kosa lilikuwa wapi? Deni lake lilikuwa la dola, lakini feza yake aliiweka katika shilingi. Kama angefunga zile dola 600 katika bahasha sita na kuziweka mahali salama, angelipa miezi sita yote, hata shilingi ingeanguka namna gani.

Na hata kama bei ya dola haingetikisika, angepoteza. Kambiste ana bei mbili: ya kununua na ya kuuzisha. Tuseme ananunua dola kwa shilingi 3,550 na anauzisha kwa 3,620. Peleka dola 300, unapata 1,065,000. Rudi kesho kununua dola kwa ile feza yote: 1,065,000 kugawanya kwa 3,620 ni dola 294 na senti kidogo. Karibu dola sita zimebaki mezani kwake, na wewe hukununua hata ndizi. Ndiyo kazi yake, si mwizi, anaishi hapo. Lakini usimpitie mara mbili bila sababu.

Juu ya nini wenye nyumba wanapenda dola? Sisi Wakongomani hatuna haki ya kuwashangaa. Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili. Mwaka 1993 walikata zaire 3,000,000 za zamani kwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franga moja. Babu aliyeweka akiba yake katika sanduku aliona ikigeuka karatasi. Tangu hapo, hata huku kwetu, mwenye nyumba anataja garanti kwa dola, na mwalimu analipwa kwa franga.

Tusiseme tena kwamba dola inapanda siku zote. Mwaka 2025 ilishuka hapa kwetu, kutoka karibu franga 2,850 mpaka chini ya 2,400, na shilingi ya Uganda vilevile ilipata nguvu. Aliyekuwa na dola na anadaiwa kwa shilingi, mwaka ule ni yeye aliyelia. (Bei ya sukari huku haikushuka kwa haraka ile, lakini hiyo ni somo lingine.)

Sasa kontra. Sheria ya Uganda ya mwaka 2022 juu ya mwenye nyumba na mpangaji inasema nyumba inalipwa kwa shilingi, isipokuwa wote wawili wamepatana namna ingine. Basi ukitia sahihi penye pameandikwa dola, umepatana, usilie kesho. Sheria ile ile inamkataza mwenye nyumba kuongeza bei zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na kontra ya shilingi 500,000 na kuendelea ni lazima iandikwe. Tanzania, tangu mwezi wa tatu 2025, wamekataza kutaja bei kwa feza ya kigeni. Kila inchi na sheria yake, uliza mbele ya kulipa.

Neno la hatari ni hili: “dola 100 au thamani yake kwa shilingi.” Thamani ya siku gani? Kwa bei ya nani? Mwenye nyumba atachukua ile bei ya juu. Omba iandikwe: kwa bei ya Banki Kuu ya Uganda ya siku ya kulipa. Na resu ionyeshe feza uliyotoa yenyewe, dola ao shilingi, pamoja na tarehe.

Tena, angalieni noti zenyewe. Dola iliyopasuka hata kidogo wanaikataa; zile za zamani za kichwa kidogo wanazipunguzia bei, na Kampala noti ya 10 ao 20 inanunuliwa kwa bei ya chini kuliko ya 100. Parokia ikichanga kwa noti ndogondogo, tafuteni mtu wa kuziunganisha huku huku.

ZOEZI. Mzazi ana franga 900,000. Kambiste wa hapa anauzisha dola kwa franga 2,250. Kampala ofisi inanunua dola kwa shilingi 3,500. Apartema ya kwanza ni shilingi 420,000 kwa mwezi, ya pili ni dola 120 kwa mwezi. (a) Kila moja atalipa miezi mingapi, na atabaki na nini? (b) Mzazi anatuma franga kila miezi mitatu: mtachagua apartema gani, na juu ya nini? Majibu ya (b) tutayasoma wote pamoja siku ya posho jioni, na walimu nao waje, maana katika darasa letu tayari tumegawanyika sehemu mbili.