Beseni la Kunyweshea Ng'ombe Kuwa Sampu ya Tenki la Samaki: Mambo Matatu ya Kuangalia Kabla Hujanunua



Siku hizi swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa Kahama, Katoro na Geita mjini ni hili: "Afisa, nataka kufuga samaki kwenye matenki nyuma ya nyumba, maji hayatoshi, nichuje vipi?" Swali zuri. Kwetu Shinyanga bwawa la udongo likifika mwezi wa nane linabaki tope. Tenki linatumia maji kidogo, ilimradi maji yale yale yasafishwe na kurudishwa. Soko nalo lipo. Miji ya machimbo inakula samaki kila siku, na wavuvi wa sangara wa upande wa Nkome na Chato wanatumia vifaranga vya kambale kama chambo cha ndoano.

Chombo cha kusafishia maji kinaitwa sampu. Ni tenki la chini. Maji machafu yanashuka humo kutoka kwa samaki, yanapita kwenye kichujio, halafu pampu inayarudisha juu. Wenzetu Marekani wanaofuga samaki wa mapambo wamegundua siku nyingi kwamba beseni la plastiki la kunyweshea ng'ombe linafaa sana kwa kazi hii. Ni nene, ni pana, na limetengenezwa kuvumilia pembe na kwato. Huku kwetu mabeseni hayo yapo, na anayekosa anachukua diaba kubwa au pipa lililokatwa katikati.

Hapo kwenye "pipa lililokatwa" ndipo somo la leo linapoanzia. Sampu nzuri inategemea mambo matatu: chombo kilibeba nini kabla yako, umeacha nafasi tupu kiasi gani, na umewapa bakteria muda gani. Ukikosea la kwanza, hayo mawili mengine hayatakusaidia.

1. CHOMBO KILIBEBA NINI?

Tunaishi kwenye ukanda wa dhahabu. Mitambo ya uchenjuaji inatumia sodiamu sayanaidi, kostiki soda na asidi. Vyombo vyake vikiisha kazi, vingine vinaishia barabarani, vimeoshwa vinang'aa, bei ya kutupa. Kijana anaona pipa la bluu zuri la lita 200, anafurahi.

Kabla hujatoa hela, fanya haya:

- Tafuta lebo, au alama ya gundi pale lebo ilipobanduliwa. Ukiona namba UN 1689 au UN 3414, hiyo ni sayanaidi ya sodiamu. UN 1789 ni asidi ya haidrokloriki, UN 2031 ni asidi ya naitriki, UN 1823 na UN 1824 ni kostiki soda. Ukikuta mojawapo, achana nacho. Usijadiliane bei.

- Angalia maandishi yaliyogandamizwa kwenye plastiki yenyewe. Yakianza na 1H1 au 1H2, maana yake pipa lilithibitishwa kubeba bidhaa za hatari. Hayakwambii lilibeba nini hasa. Huenda lilibeba kitu cha kawaida tu. Lakini kama muuzaji hawezi kukueleza kwa uhakika, wewe chukulia lilibeba sumu.

- Namba 2 ndani ya pembetatu inaonyesha aina ya plastiki, yaani HDPE. Ni plastiki nzuri kwa maji, ila namba hiyo haisemi kilichowekwa humo. Wengi wanadanganyika hapa. Alama ya glasi na uma inaonyesha chombo kilitengenezwa kwa ajili ya chakula, nayo pia haikuhakikishii matumizi yaliyofuata.

- Usikinuse chombo ili kukipima, na usikimwagie asidi wala siki "kukisafisha". Mabaki ya sayanaidi yakikutana na asidi yanatoa gesi inayoua mtu. Habari ya kwamba sayanaidi inanukia kama lozi chungu isikupe moyo, kwani si kila pua inaisikia.

Samaki ni dhaifu sana kwa sayanaidi. Kiasi cha chini ya miligramu 1 kwenye lita ya maji kinatosha kuua.

Jambo la pili ni zebaki, na hili linahusu mabeseni hasa. Kwenye mialo ya wachimbaji wadogo, makarai na mabeseni ya plastiki ndiyo yanayotumika kuchanganyia zebaki na mchanga wa dhahabu. Beseni la namna hiyo lisiingie kwenye ufugaji, hata ukilisugua kwa sabuni wiki nzima. Vivyo hivyo maji ya maduara na ya kwenye marudio: usiyatumie, hata kama ni masafi kwa macho.

Kwa nini nasisitiza? Sayanaidi itakuua samaki leo na utajua. Zebaki haikuambii. Inaingia kwenye mwili wa samaki, anakua, ananenepa, unamuuza, mteja anamla, na mjamzito anampitishia mtoto aliye tumboni. Mwaka 1956 huko Minamata, Japani, ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulitambuliwa kwa watu waliokula samaki wa ghuba ambayo kiwanda kilikuwa kinamwaga taka zenye zebaki. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki wa mwaka 2013 umebeba jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Samaki mmoja mwenye sumu akifuatiliwa mpaka kwako, biashara yako imekwisha, na ya vijana wenzako waliokuzunguka pia.

Kwa hiyo: nunua beseni jipya la kunyweshea, au chukua lililokuwa zizini kwenu ambalo unajua lilibeba maji tu. Nalo liangalie kama halijawahi kutumika kuchanganyia dawa ya kuogesha mifugo. Dawa za kupe, hasa za jamii ya pairethroidi, ni sumu kali kwa samaki hata zikiwa kidogo sana. Ukikuta mapipa ya kemikali yanauzwa mtaani, mpe taarifa mtendaji wa kijiji au mtaa. Anayesimamia Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

2. NAFASI TUPU KWENYE BESENI

Chombo safi umepata. Sasa tuchukulie una tenki la samaki la duara la lita 2,000, upana wake mita 1.4, na beseni la lita 500 chini yake.

Mtu anajaza beseni mpaka juu, anawasha pampu, mambo safi. Usiku umeme unakatika. Pampu inasimama, lakini maji ya juu yanaendelea kushuka mpaka yafike usawa wa tundu la bomba la kutokea. Beseni linafurika, asubuhi uwanja wote ni tope. Umeme ukirudi, maji hayatoshi na pampu inaungua.

Piga hesabu hivi. Tenki la upana wa mita 1.4 lina eneo la mita za mraba 1.54. Kila sentimita moja ya kina ni lita 15 na kidogo. Kama maji yanasimama sentimita 5 juu ya tundu la kutokea, zitashuka lita 77. Ongeza zilizo kwenye mabomba, ziwe 90. Basi kwenye beseni la lita 500 usizidishe lita 350 wakati pampu inafanya kazi. Chora mstari kwa rangi ndani ya beseni, na kila anayekusaidia ajue kwamba maji hayapiti hapo.

Mengine ya ufundi:

- Bomba la kurudishia maji litoboe tundu dogo, chini kidogo ya usawa wa maji ya tenki la samaki. Pampu ikizima, tundu linaingiza hewa na maji hayarudi nyuma kwa kunyonywa.

- Bomba la kutokea liwe pana na uliwekee wavu. Weka na la pili juu yake kama akiba, maana la kwanza likiziba kwa jani au samaki, tenki la juu ndilo litakalofurika.

- Silikoni na gundi ya mabomba ya PVC hazishiki kwenye plastiki ya mabeseni haya. Ukitaka kutoboa, tumia kiungio cha tenki chenye mpira na nati pande zote mbili, pale ubavu uliponyooka. Au usitoboe kabisa, maji yaingie kwa juu na pampu ikae ndani.

- Lita 1 ni kilo 1. Tenki la juu lina tani mbili, kwa hiyo usilipandishe kwenye meza ya mbao. Ni rahisi zaidi kulishusha beseni kwenye shimo. Kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, tandika mchanga au kokoto chini, na uchimbe mfereji ili mvua isiingie.

- Chomoa umeme kabla hujaingiza mkono kwenye maji. Kila mara, bila kujali haraka uliyo nayo.

3. BAKTERIA NDIO WAFANYAKAZI WAKO

Beseni lenyewe halisafishi kitu. Wanaosafisha ni bakteria wanaojishika kwenye kokoto au vipande vya plastiki ndani yake. Kundi moja linageuza amonia ya samaki kuwa nitraiti, jingine linageuza nitraiti kuwa nitreti. Mbili za kwanza zinaua, ya tatu samaki anaivumilia kwa kiasi.

Tuseme unalisha gramu 500 za chakula kwa siku. Zinatoka kama gramu 15 za amonia. Kwenye maji ya lita 2,000 bila kichujio, hiyo ni miligramu 7.5 kwa lita kwa siku moja tu. Ukali wake unategemea pH. Kwenye joto letu la nyuzi 28, pH ikiwa 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. pH ikiwa 8 inafika kama asilimia 6 au 7. pH ikiwa 9 inapita theluthi moja. Ndiyo maana maji yale yale yanaweza kuonekana salama kwa jirani na kuua kwako.

Kama makadirio ya kuanzia, weka mita moja ya mraba ya uso wa kokoto kwa kila nusu gramu ya amonia. Gramu 15 zinahitaji mita za mraba 30, nazo utazipata kwenye lita 200 hivi za kokoto za sentimita 2. Zitakuwa na uzito wa kama kilo 300, kwa hiyo zioshe na uzipange beseni likiwa tayari mahali pake. Kabla ya kokoto, maji yapite kwenye wavu au sponji inayokamata kinyesi, nayo uioshe kila siku.

Bakteria wanahitaji wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Anza na samaki wachache na chakula kidogo. Ndoo moja ya kokoto kutoka kwenye kichujio cha mwenzako mwenye samaki wenye afya itakufupishia muda. Nunua vipimo vya amonia na pH. Ukiona samaki wanakataa chakula au wanapumua juu juu, simamisha chakula na badilisha sehemu ya maji.

Hapo kwenye kubadilisha maji, tahadhari. Maji ya bomba ya Shinyanga na Kahama, yanayotoka Ziwa Victoria kupitia mradi wa KASHWASA, yametiwa klorini ili wewe unywe salama. Klorini hiyo hiyo inaua samaki na bakteria wako. Yaweke kwenye chombo kipana kilicho wazi kwa siku mbili, uyakoroge mara kwa mara, ndipo uyatumie.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria wanakosa hewa na maji ya kwenye kokoto yanaoza. Yamwage kwanza kabla ya kuwasha pampu. Kwa sababu hiyo hiyo nawashauri wanaoanza waanze na kambale, si sato. Kambale anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji, sato hawezi. Ila vifaranga wachanga sana wa kambale bado hawana uwezo huo, wasimamie kwa karibu.

Maji machafu ya sampu yapeleke kwenye mchicha na nyanya. Usiwape ng'ombe, hata kama beseni lilikuwa lao. Nitreti ikizidi ni sumu kwa wanyama wanaocheua.

Kazi ya wiki hii: kabla ya kuulizia bei ya pampu, nenda kwenye chombo unachotaka kutumia, kipindue, soma kila namba iliyopo, halafu muulize mwenyewe kilibeba nini. Akisita kujibu, rudi nyumbani na hela yako. Ukikwama, muone afisa uvuvi au afisa ugani wa kata yako, au uliza hapa hapa nikujibu.