Mlango Finyu wa Moyo

Muhula huu tumejifunza habari za moyo. Nami napenda kuwaeleza wenzangu juu ya ugonjwa mmoja wa valvu ya mitrali, na jinsi unavyoweza kutibiwa bila kupasua kifua.

Valvu hii ni mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Kwa mtu mzima mwenye afya, nafasi yake ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Kwetu Afrika Mashariki huharibiwa hasa na homa ya rumatiki, ambayo huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, baada ya kuumwa koo kwa vijidudu viitwavyo streptokoka. Miaka ipitapo, mbawa za mlango hushikana pembeni.

Sisi wa Delta ya Rufiji twajua kuwa mkondo ukizibwa na mchanga, maji hujaa nyuma yake. Vivyo hivyo damu hurundikana mapafuni, na mgonjwa hutweta kwa kazi ndogo. Mama mjamzito huwa hatarini zaidi, kwa kuwa damu yake huongezeka.

Mwaka 1982 daktari Mjapani, Kanji Inoue, alianza kuutanua mlango huo kwa puto. Mrija mwembamba, yaani katheta, huingizwa katika mshipa wa kinenani hadi chumba cha juu cha kulia. Ukuta wa kati hutobolewa, na puto hufikishwa kwenye valvu. Likijazwa majimaji, mbawa huachana. Kisha hunywea na kutolewa. Valvu ya kuelekea mapafuni ikiwa finyu, nayo huweza kutanuliwa kwa puto. Hapa Tanzania, matibabu ya moyo kwa katheta hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Lakini valvu ikivuja sana, au damu ikiwa imeganda chumbani, puto halifai. Tena puto haliifanyi valvu kuwa mpya. Yaweza kuwa finyu tena.

Basi kinga ni bora. Mwenye koo linalouma pamoja na homa aende zahanati mapema. Penisilini huua vijidudu hivyo. Na aliyekwisha kuugua homa ya rumatiki huhitaji sindano kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Kwa mwenzetu wa visiwani, safari hiyo ya mashua ni sehemu ya dawa. Tusimwache aikose kwa kukosa nauli au mtu wa kumsindikiza.